Simu Zinazojisomea

Mtaani kwetu Kabondo, hapa Kisangani, kulikuwa na simu zenye vyeti. Sisemi watu, nasema simu. Watu wenyewe walikuwa sokoni wakiuza pondu, majani ya muhogo, au juu ya pikipiki wakitafuta abiria, na simu zao zimelazwa kwenye meza ya Jérémie, nyaya zimechomekwa, jenereta inanguruma nyuma. Mwalimu alikuwa akifundisha ndani ya simu na simu ikimsikiliza. Somo likiisha, Jérémie anabonyeza, simu inaingia somo la pili. Jioni mwenyewe anakuja kuchukua mali yake, imejaa umeme na elimu.

Jérémie alikuwa na kibanda cha kuchajia simu kwenye kona yetu. Vita vilipochacha tena kule mashariki na Goma ikaanguka mara hii ya mwisho, walipita watu wa mradi fulani wamevaa fulana za rangi moja. Waliwaambia vijana kwamba vyuo vikubwa vya dunia vimefungua milango kwenye mtandao, kila mtu anaweza kusoma bure, hata mkimbizi, hata mtu wa mkoa wetu wa Tshopo. Wakagawa fulana, wakapiga picha, wakaenda. Jérémie alibaki na fulana na wazo. Aligundua kwamba masomo yale hayaulizi kama kuna mtu mbele ya simu. Picha zikichezwa mpaka mwisho, alama inaingia. Maswali ni ya kuchagua, na ukikosea unarudia mpaka upate. Akaandika kwenye ubao kwa rangi nyekundu: CHAJI NA MASOMO YA BULE.

"Papa Cyprien," aliniambia siku moja nikipita, "leta simu yako tuisomeshe."

"Isome nini?"

"Unachotaka. Gestion ya biashara, santé ya watu, hata kilimo. Iko bule."

"Kama iko bule, kwa nini unawalipisha watu?"

"Masomo iko bule, papa. Courant ya jenereta haiko bule."

Niliendelea na safari yangu. Mtu wa umri wangu hagombani na jenereta.

Mimi nilisoma shule ya jioni. Mchana nilikuwa karani wa mabehewa katika reli ya Ubundu, na kazi ikiisha nilinawa uso nikaenda kukaa kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya watoto, magoti yamegusa kifua. Mwalimu wetu hakufungua mdomo kwa jambo lolote kabla ya kuita majina. Ukiitwa, unasimama, unasema "présent". Usipoitika, kesho yake anakuja mpaka stesheni kuuliza mbele ya wakubwa wako ulikuwa wapi. Aliyechelewa alifungiwa mlango, akasikiliza somo kutoka dirishani huku wapita njia wakimwangalia. Hiyo ndiyo elimu ya wazi niliyoijua, na hakuna aliyetamani kuipata mara mbili. Nilitoka pale na diploma ambayo hakuna meza ya umeme ingeweza kunipatia.

Kwa hiyo niliposoma ubao wa Jérémie niliona kwamba Kiswahili chetu kina akili kuliko wanaokisema. Kitu kisicholipiwa tunakiita bure, na kitu kisicho na faida tunakiita bure pia. Wazee waliotuachia lugha hii hawakukosa maneno. Waliona vitu hivyo viwili vinafanana.

Baadaye akaja Kasoki.

Nyuma ya nyumba yangu nina vyumba viwili ambavyo nampangisha Olga, Mnande wa Butembo, mfanyabiashara wa maharage na vitunguu. Kasoki ni binti wa dada yake. Alikuwa akisoma mambo ya dawa huko Goma, mwaka wa mwisho. Siku ya kukimbia, begi lake lilipanda gari moja na yeye akapanda lingine, na katika begi lile kulikuwa na kadi yake ya mchaguzi, ile ya kupigia kura, maana ndiyo kitambulisho chetu katika nchi hii. Chuo kilifungwa. Alifika Kisangani na viatu vya plastiki na simu yenye kioo kilichopasuka.

Olga si mtu mbaya, lakini ni mtu wa biashara. Alimwambia mbele yangu, akipepeta maharage: "Mutoto, mimi sina shida na wewe. Ukipata kazi, unakaa. Ukikosa, mwisho wa mwezi unapanda lori unarudi Butembo, unanisaidia kununua huko. Siwezi kulisha mutu anayeangalia simu."

Kila mtu anajua barabara ya Butembo inapita wapi, ndani ya misitu ya waasi. Kuna sehemu ambako malori hayasimami hata kama tairi limepasuka, na malori yaliyosimama tunayasikia redioni. Kasoki alikuwa ameipita barabara ile mara moja na alikuwa bado anashtuka mtu akifunga mlango kwa nguvu. Alichuchumaa akaanza kuokota maharage yaliyoruka nje ya ungo.

Jumapili baada ya misa ilitangazwa kwamba masista wanatafuta msaidizi katika depo yao ya dawa, awe na cheti cha kutunza dawa. Jioni ile ile Kasoki alikuja kwenye baraza yangu, akasimama pembeni kama anayekuja kuomba chumvi.

"Papa, kwa mama Olga iko magunia na watoto. Minaomba kukaa hapa na simu. Niko na somo ya dawa kwenye mtandao, inatoa cheti."

"Ya Jérémie?"

"Yangu mwenyewe. Kwa Jérémie nachaji tu."

"Unajua maana ya bule?"

"Kutolipa."

"Na maana ya pili?"

Alitabasamu kidogo. Alikuwa amekaa Kisangani muda mfupi, lakini masikio yake hayakulala. "Papa, hapa munasema Lingala pia. Kwa Lingala, ya kutolipa ni ofele. Ya kukosa maana ni mpamba. Iko maneno mbili."

"Lingala ni lugha ya watu wanaopenda kujifariji," nilimwambia. "Kaa. Lakini kwenye baraza hii simu haisomi peke yake. Nitaita jina, na utaitika."

Alidhani nafanya mzaha. Kesho yake alipokuja, jua bado liko juu ya mabati ya jirani, nilivaa miwani nikasema: "Kasoki."

"Niko, papa."

"Sema présente."

"Présente." Alicheka. Siku zilizofuata hakucheka tena, aliitika akiwa bado anafuta vumbi kwenye kiti.

Mwalimu wa mle ndani ya simu alikuwa mama mmoja wa Dakar, na siwezi kusema uongo, Kifaransa chake kilikuwa safi, kimepigwa pasi. Hiyo haikunizuia kumdharau. Nyuma yake kulikuwa na friji nyeupe ndefu kama kabati ya askofu, inang'aa. Akasema chanjo zinakaa humo, joto lisizidi kiasi fulani. Nikamwambia Kasoki: "Mwulize, umeme ukikatika kuanzia Jumatatu, anafanya nini?"

"Papa, hawezi kunisikia."

"Ndiyo maana namdharau. Mwalimu asiyeweza kuulizwa swali ni redio."

"Ngoja basi, somo haijaisha."

Kweli, mbele kidogo yule mama alilisema hilo la umeme. Lakini alilisema kwa yeyote, na kwa hiyo kwa hakuna mtu. Niliona Kasoki anaitikia kwa kichwa na nikajua kinachotokea, maana nimeona makarani wengi wakiitikia kwa kichwa mbele ya wakubwa wao. Nikaweka sheria ya pili. Kila sehemu ikiisha, simu inageuzwa kifudifudi, na yeye ananielezea mimi alichosikia, kwa Kiswahili. Kifaransa hakuna. Kifaransa ni koti, mtu anaweza kulivaa na ndani hana shati.

Alijaribu. "Kila dawa iko na date de péremption..."

"Koti hilo. Vua."

"Iko na siku yake ya... ya kuharibika."

"Inaoza?"

"Hapana, haiozi. Nguvu inaisha."

"Sema hivyo basi. Nani atajua kwamba nguvu imeisha? Ina harufu?"

"Haina harufu, papa. Ndiyo ubaya wake."

"Upuuzi. Eleza tena."

Alieleza tena. Mke wangu, Marie-Jeanne, alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi. "Wewe mzee, huyu mtoto anakusomea au anakupeleka mahakamani?" Kasoki akamjibu: "Mama, anauliza kama mutu wa douane kwenye mpaka." Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka, nilikuwa bado sijaridhika kuhusu harufu.

Jambo moja tulishindwa kabisa kuafikiana. Mama wa Dakar alisema katika depo dawa inayotoka kwanza ni ile ambayo siku yake ya kufa iko karibu, hata kama imeingia jana. Nikasema hapana. Maisha yangu yote nimepanga mizigo stesheni, na behewa lililoingia mbele ndilo linatoka mbele, la sivyo reli inakuwa soko.

"Papa, dawa haiko behewa."

"Mzigo ni mzigo."

"Mzigo wa chumvi inaweza kungoja. Hii inakufa ikikungoja."

"Ungekuwa stesheni yangu ningekufukuza."

"Na ungekuwa depo yangu, papa, watu wangekunywa maji ya rangi."

Sikukubali.

Basi alimaliza sehemu zote. Ikabaki mtihani wa mwisho, ule wenye cheti. Alibonyeza, na ule mlango ulio wazi kwa dunia nzima ukamwambia: shika kitambulisho chako mbele ya kamera. Alishika kadi ya ubatizo aliyoomba parokiani. Ikakataliwa. Akaandika kueleza kwamba kuna vita, kwamba kadi iko Goma. Alijibiwa na mashine, kwa heshima kubwa, kwamba ashike kitambulisho chake mbele ya kamera.

Huo ndio uwazi wao. Mlango umeachwa wazi, na mlangoni wameweka askari. Vijana wa Jérémie waliokuwa wakiuza pondu wakati simu zao zinasoma walipita wote, kwa sababu kadi walikuwa nazo mfukoni. Aliyesoma akabaki nje. Na bado kuna watu wanaopigia makofi jambo hili.

Jérémie alikuja mwenyewe kutoa msaada, akiwa na ile fulana ya mradi. "Kasoki, iko rahisi. Chukua kadi ya Exaucée, dada yangu. Sura inafanana, picha haionekani vizuri."

"Niingie depo kwa jina ya Exaucée?" Kasoki alimwuliza. "Siku dawa ikipotea, nani atafungwa?"

"Bon, mimi nilitaka kusaidia."

"Sisemi hapana kwa ubaya, grand frère. Nasema hapana kwa sababu dada yako anakula vizuri, mashavu yake hayatoshi kwenye sura yangu."

Alisema hivyo akicheka, lakini Jérémie alipoondoka, Kasoki alikwenda chumbani kwa Olga akaanza kukunja nguo zake. Lori lilikuwa limeshapatikana. Dereva alikuwa nje akinywa chai ya Olga, anamweleza jinsi wanavyopita usiku bila taa.

Nilimwita. "Kasoki."

Alitokea mlangoni. "Présente," alisema, kwa mazoea tu, na sauti yake haikuwa na kitu ndani.

"Acha nguo. Kesho masista wanapokea watu. Tunaenda."

"Na cheti gani, papa?"

"Vaa viatu tu."

Asubuhi nilivaa koti langu la reli, lile lenye vifungo vya shaba, na tukapanda zile baiskeli za abiria tunazoziita toleka, yeye moja na mimi moja. Kwa masista tulikuta foleni ya vijana, kila mmoja na karatasi yake iliyochapishwa kwa rangi, ina muhuri wa dhahabu na sahihi ya profesa ambaye hawezi kuionyesha Tshopo kwenye ramani. Nilitambua nusu ya simu zao. Watu wenyewe sikuwa nimewahi kuwaona mbele ya kitabu.

Sista Félicité, msimamizi wa depo, alikuwa amekaa nyuma ya meza, mama mnene mwenye miwani ya kuning'inia. Vyeti alivipokea, akaviweka rundo moja bila kuviangalia, na kila mtu akamwuliza jambo moja dogo. Mbele yetu alikuwa Élie, kijana wa pikipiki.

"Élie, umeme wa friji ya chanjo ukikatika, unafanya nini?"

Élie alifikiri. "Sista, hiyo jibu niko nayo. Iko kwa simu."

"Na simu iko wapi?"

"Kwa Jérémie."

Sista alivua miwani akaipangusa. "Asante. Mwingine."

Kasoki alisogea. Alisema jina lake, akasema ametoka Goma, akasema somo amelimaliza lakini cheti hana, kwa sababu ya kadi. Hakuongeza maelezo. Sista alisikitika waziwazi, lakini alitikisa kichwa. "Binti yangu, tulisema cheti. Nikikupokea wewe hivi, wale kumi huko nje watasema nini? Kila mtu atakuja kuniambia alisoma."

Hapo nikasimama. "Sista, cheti chake ni mimi."

"Wewe ni mwalimu wake, papa?"

"Mimi siwezi kufundisha dawa, sijui kitu. Ndiyo hoja yangu. Mimi ni mtu wa reli, na masomo haya ya simu nayadharau tangu siku ya kwanza mpaka hapa niliposimama. Lakini yote yaliyomo kichwani mwangu kuhusu depo ya dawa ameyaweka huyu. Usimwulize yeye, niulize mimi. Kama mwanafunzi hajui kitu, mwalimu hakusoma."

Watu wa foleni walicheka. Sista hakucheka. Alinionyesha kiti.

"Haya papa. Umeme umekatika. Friji imejaa chanjo. Unafanya nini?"

"Sifungui mlango."

"Mtu akija anataka kuangalia kama bado kuna baridi?"

"Simfungulii hata kama ni askofu. Kila anayeangalia baridi anaitoa. Naandika saa umeme ulipokatika. Ukirudi, napima joto, na kama limepanda, chanjo zote naziweka pembeni na siwapi watu mpaka mwenye kujua aseme."

Nilipokuwa nikijibu niliona jambo la kuchekesha. Kumbe elimu ya milango wazi, jambo zuri kuliko yote iliyonifundisha ni kufunga mlango.

Sista alisogea mbele. "Dawa mbovu utaijua kwa harufu?"

"Haina harufu. Ndiyo ubaya wake."

"Vizuri. Sasa. Maboksi mawili ya dawa moja. Hili liliingia mwezi uliopita, siku yake ya kufa bado mwaka mzima; hili limeingia leo, siku yake ni mwezi ujao. Lipi linatoka kwanza?"

Jibu la mama wa Dakar nililijua. Lakini mimi siendi mbele ya watu kusema jambo nisiloliamini. "La mwezi uliopita," nikasema. "Lililoingia mbele linatoka mbele."

Sista alimgeukia Kasoki polepole. "Mwanafunzi wako ameanguka."

Kasoki alikuwa ameangalia chini. Aliinua uso. Angeweza kuniacha nianguke peke yangu, au kusema mzee hana kosa. Alifanya jambo la tatu, alinigeukia mimi kana kwamba sista hayupo, kana kwamba tuko barazani.

"Papa, unajua jibu. Unabisha tu."

"Mzigo ni mzigo."

"Boksi ya leo imetoka mbali, imelala kwenye bandari, imelala kwenye barabara kwa sababu ya vita. Imefika leo na siku yake ya kufa ni mwezi ujao. Ile ya zamani iko na mwaka mzima. Ukitoa ya zamani mbele, hii ya leo itafia imepangwa kwenye etajeri. Unatupa dawa, na mutoto wa mutu yuko nje anangoja." Hakupandisha sauti. "Nakuheshimu, papa. Lakini kwenye depo sitakuacha utoe hiyo boksi. Hata ukiwa na koti ya vifungo."

Nilianza kufunga vifungo vya koti langu, kimoja kimoja.

Sista Félicité alirudi nyuma kwenye kiti. "Wanakuja madaktari hapa," alisema, kama anayeongea na meza. "Wanakuja na wanajeshi. Kila mmoja anataka boksi anayotaka yeye, na kila mmoja ni mkubwa. Wasaidizi wangu wanajua jibu, halafu wanampa mkubwa anachotaka." Akamwangalia Kasoki. "Jumatatu. Kwa kujaribiwa kwanza. Na kadi utatafuta nyingine, mimi nitakuandikia barua."

Tuliporudi, dereva wa lori alikuwa amelala chini ya lori lake. Olga alisikiliza habari akiwa na mikono kiunoni, akaenda kumgonga dereva mguuni. "Pakia vitunguu tu," alimwambia. "Mutu haendi." Kasoki aliketi kwenye gunia na mlango wa jikoni ulipobamizwa na upepo hakushtuka.

Kabla ya Jumatatu kufika, ubao wa Jérémie ulikuwa na maneno mapya: KASOKI WA DEPO ALISOMA HAPA. BULE. Msururu wa simu ulikuwa umefika mpaka kwa jirani. Nilisimama nikausoma ubao mara mbili, maana ujinga ulioandikwa vizuri unastahili kusomwa vizuri.

"Alichaji tu hapa," nikamwambia.

"Papa, kuchaji ndiyo mwanzo ya elimu." Hakuwa hata na haya. "Donc na wewe leta simu yako. Kwa sababu ni wewe, courant pia nakuwekea bule."

"Simu yangu," nikamwambia, "haijamaliza hata darasa la sita."